Ngano Kwenye Njia ya Baridi

Nyumba ya zamani ikianza kunuka, wa kwanza kulaumiwa ni mbwa. Mbwa akishaogeshwa na harufu ikabaki, analaumiwa mzee anayeishi humo. Sisi wasafishaji wa njia za hewa huitwa baada ya hapo.

Bibi Pavlina Hrychuk hakuwa na mbwa, kwa hiyo lawama zilimfikia moja kwa moja.

Alinipigia simu mwenyewe, siku chache kabla ya mkesha wa Krismasi yao, ile ya kalenda ya zamani ambayo Waukraine wa mtaa wetu huisherehekea Januari, wakati watu wengine wameshatupa miti yao ya Krismasi barabarani. Akasema tanuri la kupasha nyumba joto likiwaka nyumba inanuka, na mwanawe Myron amemwambia wazi kwamba harufu isipoisha, chakula cha mkesha kitaliwa kwake, kwenye nyumba mpya nje ya mji.

"Si mwaka huu tu?" nikamwambia.

"Garnet mwanangu, wewe umeoa?"

"Nimeoa."

"Basi unajua. Meza ya sikukuu ikishahamia kwa mkamwana, hairudi."

Nikamwambia tutakuja kesho. Meza ya mama yangu ilihama hivyo hivyo.

Asubuhi iliyofuata tukaenda, mimi na shemeji yangu Lyle, ndugu wa mke wangu. Lyle nafanya naye kazi kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kufanya naye. Mji wetu wa Winnipeg ulikuwa kwenye baridi ile inayogandisha kope, na mpira mkubwa wa kufyonzea vumbi, tulipoushusha kwenye lori, ulikuwa mgumu kama gogo. Tukaubeba begani kama maiti mpaka chumba cha chini.

"Ulaze karibu na tanuri upate joto," nikamwambia Lyle.

"Mpira unahurumiwa. Mimi shemeji yako sihurumiwi."

"Mpira haulalamiki."

Nyumba za upande wetu wa reli zilijengwa enzi za makaa. Chini, katikati, lilikaa tanuri kubwa lenye mikono ya bati iliyotapakaa kama pweza, na hewa moto ilipanda vyumbani yenyewe, taratibu, ikitaka. Baadaye ikaja gesi, likaja tanuri dogo lenye feni, na watu wakaanza kupenyeza njia mpya za hewa mahali ambapo hapakupangwa njia yoyote: ndani ya makabati, katikati ya kuta, chini ya sakafu. Za nyumba hii alizipenyeza marehemu mume wa Bibi Pavlina, Wasyl, aliyekuwa fundi wa bati kwenye karakana ya reli. Ilikuwa kazi nzuri. Kila kiungo kimekunjwa, wala hukuona mahali alipodanganya kwa utepe.

Lakini hata fundi mzuri hawezi kuumba nafasi. Nusu ya njia za nyumba hizi ni uwazi uliokuwapo tangu zamani. Unachukua boriti mbili za sakafu, unapigilia bati chini yake, hapo umepata njia. Nyumba mpya unaisafisha kama chupa. Hizi unazisafisha kama sikio la mtoto. Ukipuliza kwa nguvu, vumbi la lipu linatokea sebuleni kupitia kila ufa, na hutaitwa tena mtaa huo.

Tukaziba matundu yote kwa karatasi, tukakata mlango kwenye bomba kuu, tukafunga mpira, na mashine ndani ya lori ikaanza kunguruma. Kisha tukapita chumba kwa chumba, tunafungua tundu moja moja na kuingiza waya wa hewa wenye mikia ya mpira ambayo huchapa bati kwa ndani. Vilitoka vitu vya kawaida: masizi ya makaa, lipu, kete za mchezo, pini za nywele, soksi ya mtoto ambaye kwa sasa lazima ana kitambi.

"Shemeji, nimepata jino," Lyle akaniita kutoka juu.

"La nani?"

"Halikusema."

Bibi Pavlina alikuwa jikoni anakunja pirohi, vile viandazi vya viazi vinavyochemshwa, na kitambaa kichwani. Kila nilipopita alinitazama usoni, halafu anarudi kwenye unga wake. Mchana tulipomaliza, nikawasha tanuri. Tukasimama sebuleni sote watatu tukisubiri, kama watu wanaosubiri daktari atoke.

Joto likaja, na harufu nayo ikaja. Sukari iliyoungua, na nyuma yake kitu kilichokufa.

"Bado?" Bibi Pavlina akauliza, ingawa ana pua.

"Bado."

Akaketi. Vidole vyake viliendelea kukunja unga usiokuwepo.

Nikazunguka tena. Tanuri lenye feni linapumua kama mtu. Upande mmoja hutoa hewa moto, upande mwingine huvuta hewa iliyopoa ili likaipashe upya, na matundu ya kuvutia sisi huyaita njia za baridi. Chumba cha kulia chakula kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na humo sikuona njia ya baridi. Nikapiga magoti. Chini ya dirisha lilikaa sanduku la mbao la vitambaa, lenye miguu mifupi, na zulia mbele yake lilikuwa linatetemeka ukingoni kidogo kidogo.

"Bibi, chini ya sanduku hili kuna nini?"

"Hiyo iacheni. Hiyo ni safi."

"Nani kaisafisha?"

"Safi tu."

"Nikiiacha hii, nimekuachia harufu. Mwanao anakuja saa ngapi?"

Akatazama mlangoni. "Akitoka kazini."

"Basi niambie sasa."

Akaniambia, akiwa amenipa mgongo. Kwao, usiku wa mkesha, kabla ya mtu yeyote kugusa chakula, mwenye nyumba huchukua kijiko cha ngano iliyopikwa kwa asali, huenda dirishani na kumwita Baridi: Baridi, Baridi, njoo ule ngano yetu, na kama huji leo usije tena hadi mwaka ujao, usituguse sisi wala mifugo wala mazao. Kisha ile ngano hutupwa nje. Wasyl alifanya hivyo kila mwaka, mpaka mwaka mmoja akakuta dirisha limezibwa kwa plastiki kama tunavyoziba wote kipindi cha baridi. Akasimama na kijiko chake akifikiri. Halafu akasema, mbona njia ya baridi ninayo hapa chini, nimeitengeneza kwa mikono yangu. Akainama akamwitia hapo. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya nyumba, na mzee alipokufa mkewe akaiendeleza.

"Na watu mezani hawakuona?"

"Watu wanasimama wamefumba macho wanasali. Wakifumbua, kazi imekwisha."

"Na harufu ulijua inatoka hapa?"

"Nilijua." Akageuka. "Garnet, mwambie Myron ni panya. Panya peke yake. Akisikia ninamlisha Baridi kwenye mashine, atasema akili zimeanza kunitoka. Hapo si meza tu itakayohama."

Nikamwambia nitaangalia kwanza kilichomo. Sikumwahidi kitu. Mimi sijui kudanganya. Uso wangu haukuumbwa kwa kazi hiyo.

Lyle alikuwa ameshashuka. Tukateremka chumba cha chini, tukatafuta bati lililo chini ya sakafu ya chumba cha kulia, tukalegeza misumari upande mmoja, na bati likaanza kushuka kwa uzito wake lenyewe. Likaja juu ya turubai na kila kilichokuwa juu yake. Ilikuwa keki pana, nyeusi, inayong'aa kama lami, punje za ngano zimeshikana ndani yake, na ukingoni panya wawili waliokuja kula wakanasa.

"Mungu wangu," Lyle akasema. "Hawa wamekufa wameshiba."

Hapo ndipo tuliposikia viatu kwenye ngazi. Myron alikuwa ametoka kazini mapema. Ni mtu mkubwa, anauza magari, na alikuwa bado na koti lake zuri. Akasimama ngazi ya mwisho akiwa ameziba pua.

"Ndicho chenyewe?"

"Panya, bosi," Lyle akasema haraka. "Panya wa kawaida kabisa."

Myron akasogea. Akaiangalia ile keki kwa muda. Akainama, akavunja kipande, akakigeuza kwenye mwanga.

"Hii ni ngano ya asali," akasema. Kisha akaniangalia mimi, wala si Lyle. "Nani kaiweka humu?"

Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Si panya walioileta. Muulize mama yako."

"Aniulize, niko hapa." Bibi Pavlina alikuwa ameketi juu ya ngazi na unga mikononi. Akanitupia jicho ambalo sitalisahau upesi. "Nimeiweka mimi. Na baba yako kabla yangu. Ni ya Baridi."

"Mama. Kwenye njia ya hewa?"

"Ulitaka nimwitie wapi? Madirisha umeyaziba wewe mwenyewe, kila mwaka unakuja na plastiki yako. Unaziba mpaka nzi anakosa pumzi."

"Kuna mlango."

"Mlangoni huitwa wageni. Baridi huitwa dirishani. Na wewe kwako unamwitia wapi?"

"Kwangu hatumwiti."

"Ndiyo maana bomba lako la maji liliganda likapasuka."

Lyle akacheka kwa puani. Myron akamgeukia. "Unacheka nini?"

"Sijacheka, bosi. Vumbi."

Myron akamwacha. Alikuwa anakitazama kile kipande. Kilikuwa na matabaka, ya chini manene, ya juu membamba kama karatasi.

"Huyu aliyeweka haya ya chini hakuwa mchoyo," akasema mwishoni.

"Baba yako alimpa kijiko cha supu. Mimi ninampa cha chai."

"Kwa nini?"

"Baridi mwenyewe amezeeka. Hali sana."

Nilimwona Myron akizuia kicheko, na kikamshinda. Alicheka mpaka akajishika kwenye nguzo. Alipotulia akajipangusa macho kwa mkono safi. "Nilikuwa nafumbua jicho moja," akasema. "Nikiwa mdogo. Nilimwona akiinama, nikadhani anafunga kiatu."

"Keki kutoka isikudanganye," nikamwambia. "Harufu bado haijatoka. Tupishe tufanye kazi."

Akavua koti badala ya kutupisha. Tukakwangua bati kwa mwiko, tukaliosha kwa maji ya moto na siki mpaka likang'aa, tukafuta boriti pande zote mbili, tukalirudisha na kuziba kingo. Lyle akawabeba panya nje kwa heshima zote. Nikawasha tanuri. Myron akapiga magoti kwenye njia ya baridi, kisha akatambaa kwenye tundu la kwanza la hewa moto, akaingiza pua, akahamia la pili, hivyo hivyo nyumba nzima, mama yake akimfuata nyuma.

"Hakuna kitu," akasema akiwa chumba cha mwisho. "Vitunguu tu."

"Vitunguu ni vyangu," mama yake akasema.

Nilidhani tumemaliza. Lakini Myron alikuwa amesimama kwenye chumba cha kulia akimtazama mama yake. "Mkesha utamwita tena?"

"Nitamwita."

"Hapo chini?"

Bibi Pavlina akatazama sanduku lake, na mimi nikaingilia. "Bibi, ukimwita hapo tena, nitarudi tena, na panya watakuwa wametangulia. Kazi yangu haina maana kama hilo halijaisha."

Myron akatoa kisu mfukoni, akaenda dirishani, akapasua plastiki yake mwenyewe kwenye kona ya chini. Akafungua kioo cha ndani. Dirisha la nje lilikuwa la mbao, la zamani, na kwenye ubao wake wa chini wajenzi walitoboa vitundu vitatu vya kuingizia hewa, vimefunikwa kwa kipande cha mti kinachozunguka kwenye skrubu. Kilikuwa kimegandana na rangi. Akakigonga kwa kiganja, hakikusogea. Lyle akakigonga kwa nyundo, kikazunguka. Hewa ya nje ikaingia, nyembamba kama kidole, ikamfanya Bibi Pavlina arudi nyuma.

"Mwite hapa," Myron akasema.

Mama yake akaenda jikoni, akarudi na vijiko viwili. Cha supu kiligoma kupita. Cha chai kikapita na mpini wake wote. Akakiingiza, akakitoa, akakiingiza tena, kama mtu anayejaribu ufunguo.

"Kinapita," akasema.

Tukaanza kukusanya karatasi zetu. Myron akampigia simu mkewe. Upande wetu tulisikia vipande tu: kwamba ni hapa kwa Mama, kwamba hapana, hainuki, amenusa mwenyewe, kwamba siku ya mkesha aje na viti vya ziada. Halafu akaisogeza simu mbali kidogo na sikio.

Bibi Pavlina alikuwa amerudi kwenye pirohi zake, anakunja kwa haraka zaidi kuliko asubuhi, uso wake umepata rangi.

"Mwambie supu ya bitiruti mwaka huu apike yeye," akasema bila kuinua kichwa.

Myron akaziba simu kwa kiganja. Ile supu ndiyo inayofungua chakula cha mkesha, na haijawahi kutoka kwenye jiko lingine ila hili. "Mama, una hakika?"

"Nimesema supu. Sijasema meza."