Sahani ya Mabuu

Nyaboke alifungua trei ya mabuu, na vumbi lao likampanda usoni kabla hajavuta maski. Vumbi jepesi, la ngozi wanazovua wakikua. Akakohoa, kisha akageuka kuangalia kama kuna aliyemsikia.

Ghala lilikuwa karibu na uwanja wa ndege wa mji huu wa ugenini. Kila ndege ikishuka, rafu zilitetemeka. Humo nzi weusi walitaga, mabuu wakalishwa mabaki ya matunda na mikate, wakanenepa, wakakaushwa, wakasagwa kuwa chakula cha kuku. Wafugaji walilalamika kwamba soya imepanda bei, lakini wakiambiwa walishe funza, walikunja pua.

"Leo wanakuja wale wa mayai," alisema Godelive, Mkongo aliyekuwa naye zamu moja. "Dada, usikubali kuonja tena. Mwambie Kuria vile munganga alisema."

Daktari wa kliniki kule mtaa wa Jane na Finch alikuwa ameitazama mikono ya Nyaboke, mabaka mpaka kwenye viwiko, akamsikiliza kifua. Usiwaguse tena, alisema. Na kuwala, usithubutu: koo linaweza kuziba. Nyaboke aliitikia kwa kichwa, akapanda basi, akarudi kazini. Wakala aliyewaleta hapo huwaita watu wa zamu ya kesho kwa simu kila jioni. Hyder, mwenzao wa ghalani, alipoonyesha mikono yake iliyovimba, alipewa pole na chai. Simu yake haikulia tena. Na Moraa, binti yake Nyaboke, bado yuko Nyamira kwa bibi, akingoja mama apate kazi ya kudumu ndipo aruhusiwe kumleta.

Mdomo wake ndio ulimponza. Wiki ya kwanza aliwachekesha wenzake: "Kwetu mvua ikinyesha tunakimbizana na kumbikumbi, tunawatia chumvi, hata nyama hatuikumbuki." Kuria, msimamizi wao, alicheka kuliko wote. Wageni wa kwanza waliposita mbele ya sahani, alimkumbuka, akamwita aonje mbele yao.

Sasa alikuwa mlangoni. "Mama Moraa! Vua hiyo aproni, uje na sahani."

"Kuria, kifua changu..."

"Kifua cha nani hakiumi na baridi hii? Kwani huko kwenu, anayeleta pombe si ndiye huonja kwanza, ndio mgeni aamini?"

"Huonja mwenye pombe. Hii si yangu."

"Wewe!" Kuria alicheka. "Ningeonja mimi, lakini nitatapikia wateja. Twende, siz."

Wafugaji walisimama kwenye mstari, viatu vimefunikwa plastiki. Mzee mmoja mrefu, kofia mkononi, aliitazama sahani kama aliyeonyeshwa kidonda.

"Ni safi," Kuria alimwambia kwa Kiingereza. "Safi hata huyu dada anakula. Kwao ni chakula cha sherehe."

Macho yote yakamgeukia. Nyaboke alichukua buu mmoja mkavu, akatafuna. Ladha ya karanga zilizochacha.

"Jaza mkono," Kuria alinong'ona kwa Kiswahili, tabasamu likiwa kwa wageni. "Unaonja kama mgonjwa."

Akajaza mkono. Akatafuna, akameza, akatabasamu. Wakapiga makofi.

"Kama yeye anakula," mzee alisema, "kuku wangu ni nani hata wakatae?"

Wakacheka. Kuria alicheka nao. Ulimi wa Nyaboke ulianza kuwasha, kisha midomo, kisha ndani ya masikio. Aliinama kidogo kama anayeaga, akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akaketi sakafuni chini ya makoti. Kifua kilipiga filimbi. Hewa ilikuja nyembamba kama uzi.

Godelive alimfuata mbio, simu mkononi. "Dada! Ninaita ambulansi."

Nyaboke aliufunika uso wa simu kwa kiganja chake kilichovimba. Kupitia mlango uliobaki wazi walimwona Kuria hapo kizingitini, mgongo wake tu, na kofia ya mzee.

"Swali la mwisho," mzee alikuwa akisema. "Kuku wangu wakianza kukohoa?"

"Hata mmoja tu," Kuria alijibu. "Hata mmoja akikohoa, tupigie. Siku hiyo hiyo tunakuletea daktari wa mifugo, na gharama ni yetu."

Mzee akavaa kofia yake, ameridhika.

Nyaboke alikohoa. Kuria hakugeuka, alirudisha mguu nyuma, taratibu, akausukuma mlango kwa kisigino mpaka ukajifunga.