Cherehani Chini ya Boneti

Marehemu mke wangu Evelina alirudi kushona mwezi wa sita, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, upepo wa kipupwe ukipiga mabati ya Dodoma nzima. Nilikuwa nusu usingizini, blanketi mbili hadi puani. Tik-tik-tik-tik. Hivyo ndivyo alivyoshona sare za shule kila siku kabla ya chai, miaka thelathini na minne. Nikamwambia asikaze sana uzi. Mlio ukaenda kama dakika tatu, ukapungua, ukapungua, ukanyamaza. Nilipofumbua macho vizuri nikatambua ni gari la jirani, upande wa pili wa ukuta.

Sikumwambia mtu. Kesho yake niliamka mapema zaidi nisiukose.

Jirani huyo ni Penina, anafanya kazi maktaba ya chuo kule Chimwaga. Mimi nilikuwa mtunza stoo katika yadi ya magari, cheti cha ufundi sina hata kimoja. Kilichosoma ni masikio. Mwaka mmoja, nikiwa nimekaa hapa barazani, nilitambua kwamba beringi ya gurudumu la nyuma la lori moja lililoko mbali kule Kibaigwa inakufa. Watu husema dereva alinipigia simu. Hakunipigia. Upepo ulikuwa unatoka upande ule.

Basi mwezi mzima nikalala na mlio wangu. Asubuhi nyingine gari lilikuwa linashona tambarare yote, mshono mmoja mwekundu kutoka ukutani kwangu, kupitia Mpwapwa, hadi milima ya Kibakwe, na Evelina ameshika pindo upande ule akinivutia.

Alhamisi moja ya Julai, Penina akabisha hodi. Aliniamkia, nikaitikia, akakaa bila kukaribishwa. Fundi Octavian alikuwa amemwambia kwamba injini inagonga, inakufa, lazima ishushwe ifunguliwe yote. Uwezo huo hakuwa nao. Kuna mtu anaitwa Damas angekuja Jumamosi kulinunua gari kama lilivyo. Shida ni mama yake, aliyebaki peke yake Kibakwe na nyonga isiyomruhusu tena kupanda ngazi za basi. Alikuwa amemwahidi kumfuata kwa gari hilo, amlete wakae wote. Sasa hakujua amwambie nini.

Akaniomba nilisikilize kabla halijaondoka. Nikamwambia asiliwashe mpaka nifike, kwa sababu injini ikishapata moto huficha siri zake.

Ijumaa, jua halijachomoza, nikaenda na mwiko wa Evelina wa ugali. Mafundi wengine hutumia bisibisi ndefu. Mimi naamini mwiko. Bapa lake nikaliweka juu ya mfuniko wa injini, mpini nikauweka sikioni. Penina akapiga stata.

Nilidhani nitasikia vyuma. Nikasikia chumba chetu cha zamani, mguu wa Evelina ukikanyaga taratibu, chaki ikianguka mezani. Ilinibidi nifumbe macho niwe fundi tena.

Mlio ulitoka juu kabisa, mwepesi, ukipiga mara moja kila injini inapozunguka mara mbili. Injini inayokufa hugonga kwa uzito, chini tumboni, na ikipata joto huzidi. Huu ulikuwa wa tapeti zinazongoja oili, vile vyuma vidogo vya kusukuma vali. Nikahesabu dakika. Ya tatu ilipokwisha, kimya. Tukalizima, nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakiinamisha. Tone lilining'inia kwenye ncha ya kijiti likifikiria kama lianguke au lirudi.

Hiyo ilikuwa oili ya malori. Na nilijua ilikotoka, maana mwezi wa tano ni mimi niliyemtuma Penina aitafute kwa madereva wa Kibaigwa.

"Haifi," nikamwambia.

"Sasa inalia nini, babu?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umechanwa nywele na kuvaa viatu. Ningesema ni kawaida ya baridi, nenda nalo hivyo hivyo. Angemleta mama yake, nami ningebaki na Evelina kila asubuhi, mpaka siku tapeti zitakapokwisha kulika. Nikamwona Penina amesimama na kanga mabegani, ananiamini.

"Inalia kiu," nikasema. "Oili ni nzito, kwa baridi hii inachelewa kupanda juu. Na aliyekushauri ni mimi."

"Si ulisema injini itaota misuli?"

"Nilisema."

"Na mwezi mzima hukusikia? Wewe wa beringi ya Kibaigwa?"

"Nilisikia kila siku, mwanangu. Nilikuwa nimelala na Evelina."

Nikamweleza. Alishusha boneti polepole, kama anayefunga mlango wa chumba chenye mtu aliyelala.

Damas alipigiwa simu asisumbuke. Tukamwaga oili yote. Kwenye kisanduku cha mbele kulikuwa na kitabu cha gari, Kijapani kitupu. Nilikisoma chote kwa nusu saa, hasa zile tarakimu, tukanunua oili nyepesi iliyoandikwa humo.

Jumamosi asubuhi akawasha. Nilikuwa nimesimama ukutani, na nilisikia upepo tu, na jogoo wa mbali. Penina akashusha kioo.

"Unasikia kitu, babu?"

"Sisikii."

"Nikurudishie ile ya misuli?"

Nikamwambia aondoke kabla sijakubali. Taa zake nyekundu zikaishia kwenye vumbi la barabara, nami nikabaki na chupa yenye oili kidogo chini.

Ndani, cherehani ya Evelina ilikuwa imefunikwa kitenge mwaka wa nne sasa. Nilikivua. Gurudumu lilikataa, limeganda. Nikatia tone kila tundu, nikangoja dakika tatu, nikalishika kwa mkono. Tik. Nikasukuma tena. Tik-tik.

Jumatatu nikasikia sauti ngeni nyuma ya ukuta, ya mama mzee, ikiuliza ni nani anayeshona mapema hivi. Penina akamjibu ni babu, tena hajui kushona, anazungusha tu.

Amenisingizia. Mshono wangu umeshapita Mpwapwa.