Ukurasa Uliokuwa Tumboni mwa Grimo

Katika monasteri yetu hapa Flandria, kila mwanzo wa Kwaresima zulia hutandikwa ukumbini, na juu yake kila ndugu hurudisha kitabu alichopewa mwaka uliopita. Aliyekisoma chote hupewa kingine. Ambaye hakumaliza hulala kifudifudi kwenye mawe ya baridi na kuomba msamaha mbele ya wote.

Ndugu Gerbod alikuwa amelala hapo miaka miwili mfululizo. Alikuja kwetu mjane mwenye mvi, mtengeneza jibini, na herufi alijifunza jioni baada ya sala, akinong'ona kila silabi mpaka sisi tuliokaa karibu tukakijua kitabu chake kuliko yeye. Alikuwa na ombi moja kwa Mungu: aandike maneno matakatifu kwa mkono wake kabla hajafa. Abati Folkard, mkuu wetu, alimwambia, "Maliza kitabu kimoja, nitakupa unyoya na wino. Ukilala tena, urudi kwenye jibini yako, tusisumbuane."

Safari hii alipewa maisha ya mtakatifu aliyeishi juu ya nguzo. Akasoma mwaka mzima, ukabaki ukurasa mmoja. Lakini mikono yake ilikuwa bado inanuka jibini, na kitabu chenyewe ni ngozi ya ndama. Mkesha wa siku ya kurudisha, Grimo, mbwa wa jikoni, aliukuta ukurasa huo wazi kwenye benchi.

"Gerbod, umemaliza?" akauliza Tankmar, mtunza vitabu.

"Nimemaliza kilichopo, ndugu yangu. Kilichobaki anacho Grimo."

"Basi hujamaliza," akasema Abati. "Lala chini."

Gerbod akaanza kukunja magoti. Hapo akasimama Ermenfrid, aliyesoma Paris na ambaye tangu arudi hajapata mtu wa kubishana naye.

"Baba, ngoja kwanza. Kitabu ni nini?"

Tukaguna. Siku hiyo mlo ni mmoja tu, na harufu ya maharage ilikuwa imeshatufikia.

"Kitabu ni kile kinachosomeka," akaendelea Ermenfrid. "Ukurasa ule hausomeki. Kwa hiyo si kitabu. Kwa hiyo amemaliza."

"Ukurasa upo, umehama tu," akajibu Tankmar. "Kitabu chetu sasa kina sehemu mbili, na moja ina miguu minne."

"Kama ni hivyo, mlete Grimo. Vitabu vyote virudishwe leo, sheria ndiyo hiyo."

Grimo akaletwa. Akanusa zulia, akajinyoosha juu yake, pua chini, akafumba macho.

"Angalau mmoja ameomba msamaha," akasema Abati.

Ubishi ukaendelea. Je, mbwa amesoma? Akisoma bila kuelewa, ana tofauti gani na Ndugu Wulfram? Wulfram akakasirika. Harufu ya maharage ikageuka kuwa ya kuungua.

"Baba, acha nilale tu," Gerbod akasema. "Ndugu wana njaa."

Akajilaza kando ya Grimo. Akaanza kulia.

"Unalilia unyoya?" akauliza Abati.

"Namlilia yule mtakatifu, Baba. Nimekaa naye mwaka mzima kwenye jua na mvua. Sijui kama alishuka."

Abati akajikuna kidevu.

"Inuka, mzee. Watawa wa kike ng'ambo ya mto wanacho kitabu hicho. Kesho ukakiazime. Kitubio chako ni hiki: ukurasa ulioliwa utauandika upya, kwa mkono wako mwenyewe."

Gerbod akapiga magoti, akanyoosha mikono.

"Unawe kwanza," akaongeza Abati. "Kwa majivu, mpaka viwiko. Sasa twende tukale mkaa."

Kazi hiyo ilimchukua Kwaresima nzima, akinong'ona. Herufi zake ni kubwa kama maharage, kwa hiyo ukurasa mmoja umekuwa kurasa nne. Mtakatifu hakushuka, alifia juu, akisali. Gerbod alipofika hapo aliweka unyoya chini, akasali naye kidogo, kisha akaenda kuhakikisha Grimo amefungwa kamba.