Matone Sitini kutoka Mlimani

Kioo cha kwanza, Dominiko aliyalaumu macho yake. Cha pili akailaumu rangi. Alipofika cha tano aliinuka kwenye hadubini, akaenda dirishani, akatema mate nje kama mtu aliyetafuna kunguni.

Damu ya mtu, ukiidondosha tone moja nene juu ya kioo na kuitia rangi, chembe zake nyekundu huyeyuka zote, na vijidudu vya malaria, kama vimo, hubaki vikionekana. Hapa hapakuyeyuka kitu. Kila alipotazama palijaa vidoa vya zambarau, virefu virefu kama punje za uwele, na vidoa hivyo alivijua tangu kozini. Chembe za kuku zina kiini, na kiini hakiyeyuki.

Vioo sitini kutoka kijijini kwao mlimani, kila kimoja na jina la mtu limebandikwa pembeni, na vyote sitini kuku mmoja! Inzi walikuwa wamekwisha kuvilamba vingine njiani. Cha thelathini na nne kilikuwa na jina la Anastasia, mtoto wa dada yake.

Mtoto huyo alikuwa na homa tangu Jumapili. Habari ililetwa mjini na mchuuzi wa kabichi. Lori la dawa lingeondoka Ijumaa kwenda Mkuyuni, na vidonge vilikuwa vya vijiji ambavyo matone yake yalionyesha vijidudu. Leo ilikuwa Jumatano. Angeweza kuandika uongo na kufumba macho, lakini bwana daktari alikuwa na desturi ya kuchomoa vioo kumi na kuvitazama mwenyewe. Na kwa Waluguru mjomba si mtu wa pembeni. Mtoto wa dada ni wake.

Alimkuta Rehani uani, ananyoosha mguu juani. Rehani ndiye mchukua damu wa vijijini, tena ndiye aliyemfundisha Dominiko kuchoma kidole. Leo Dominiko hakumwamkia.

"Hata shikamoo siku hizi hakuna?"

"Kuku yupi huyu, kaka Rehani?"

Rehani alicheka kidogo, kisha akaona hachekewi. "Mguu uliniteguka pale Mkuyuni. Nikawapa kina mama walioshuka kutoka kwenu vioo na sindano, wakachomane wenyewe. Mie ningepandaje?"

"Na kuku?"

"Wameniletea, mgeni mimi! Wale Wakristo, mie Mwislamu, wakaniletea mzima nimchinje kwa mkono wangu. Wakakinga damu kwa bakuli, wakaenda nayo nyuma ya nyumba. Nikasema mambo yao hayo. Kitambo kidogo wakanirudishia vioo."

"Ukapokea."

"Ningefanyaje? Nyama ilikuwa jikoni."

Dominiko alimtazama yule mtu, midomo yake minene, kucha zake chafu, akaona kinyaa mpaka kwenye meno. Kwa paja la kuku alikuwa radhi kijiji kizima kife! Akachukua sanduku la vioo vipya, akaondoka bila kuaga.

Alhamisi saa nne alikuwa amekwisha kupanda kutoka Mkuyuni hadi kijijini kwao, shati limemganda mgongoni. Akaingia uani kwa mama yake, Bi Magdalena, aliyekuwa akimenya ndizi pamoja na wanawake wa jirani. Dada yake Theresia alisimama mlangoni, Anastasia mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala upande.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakungoja maji. Aliwasema wote pale pale, akawaita wajinga, watu wa giza, watu wa kumdanganya daktari kwa damu ya jogoo huku watoto wao wanachemka. "Nani aliyeleta upuuzi huu?"

"Mimi," akasema mama yake, kisu mkononi.

"Wewe, mama? Kwa nini?"

"Siku ya Noeli ulikaa hapo ulipo, kibuyu cha pombe mkononi. Ulisema nini?"

Dominiko aliweka sanduku la vioo chini.

"Ulisema tone moja tu, kwenye mtambo wako, unaona yote. Nani aliugua ugonjwa wa aibu. Mtoto yupi ni wa baba yupi. Halafu mnataka tuwape damu zetu?"

Akakumbuka. Walicheka, wakamjazia kibuyu, naye akazidi kupiga domo. Mume wa Theresia, aliyekuja likizo kutoka kwenye mkonge, alicheka kuliko wote, kisha akaacha kucheka. Theresia alikuwa ameondoka. Dominiko alidhani amekwenda jikoni.

Sasa Theresia alirudi nyuma hatua moja, mkono ameuweka juu ya miguu ya mtoto.

"Nilidanganya," Dominiko akasema.

"Sema wasikie."

"Nilidanganya! Tone linaonyesha vijidudu vya homa, basi. Baba wa mtoto haonekani humo, wala hakuna mtambo wa kumwona. Nilitaka mnione mkubwa."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alisonya, akageukia ndizi zake. Dominiko alisikia mdomoni ladha ile ile ya jana dirishani, ila safari hii hapakuwa na Rehani wa kumtemea. Alijichukia.

"Nyumba ngapi zimelala na homa kwa ajili ya mdomo wako," akasema Bi Magdalena. Akatema mate karibu na kiatu cha mwanawe. Kisha akajifuta utomvu wa ndizi, akatoa kidole. "Choma. Ukimaliza kwangu, mchome mtoto."

Theresia alikuja mwisho kabisa. Kidole cha mtoto kilikuwa cha moto, na tone likatoka jekundu, dogo kama la mtu mwingine yeyote. Theresia alilitazama juu ya kioo mpaka likakauka, kana kwamba alingoja lifanane na mtu.

Ijumaa asubuhi, chini ya hadubini, vijidudu vilikuwemo, tele, na lori likapanda na dawa. Dominiko alimpa Rehani barua ya kumwomba dada yake radhi, aifikishe pamoja na vidonge.

Rehani alirudi jioni. Theresia alikuwa ameshuka Mkuyuni, akavipokea vidonge, akammezesha mtoto pale pale mbele yake. Barua aliirudisha haijafunguliwa.