Mabomba Mawili Chini ya Milango

Mlango wa kushoto wa Landrova ya zahanati haukufunguka tena tangu Pasaka. Jiwe moja la njia ya kupanda kijiji cha Kirumabwe liliupiga ubavu wa chini, bati likajikunja kama ukingo wa sufuria iliyoanguka, na mlango ukabanwa humo humo. Nesi Dafroza alizoea kuingilia upande wa dereva, akivuka usukani na gia huku kisanduku cha chanjo kikiwa mkononi, na kila mara aliomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Machage, aliyeliendesha gari hilo kwa miaka kumi na miwili, aliumia kila alipomsikia.

Lakini kulikuwa na jambo kubwa kuliko mlango. Katibu wa kamati ya zahanati, Ndugu Leodgar, alikuwa amesema mbele ya watu: gari litatengenezwa mara hii, likirudi limepondeka tena, kliniki ya watoto ya Kirumabwe inafungwa. Akina mama wa kule juu watashuka kwa miguu hadi zahanatini Nyamuswa, mtoto mgongoni, nusu siku kwenda na nusu siku kurudi. Machage aliwajua akina mama hao kwa majina. Alijua pia ni wangapi wasingeweza kushuka.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nane, na maduka ya Musoma yalikuwa yameanza kupumua. Miaka mitano nyuma ungezunguka mji mzima kutafuta nati moja ukarudi na kipande cha waya. Sasa vitu vilikuwa vinaingia kutoka kila upande, vingi vikiwa vimefungwa kwenye nailoni. Leodgar alifika kwenye karakana ya Wenceslaus, fundi wa kuchomelea wa Mwigobero, akiwa na jozi ya vyuma vya kukanyagia vinavyong'aa kama kijiko cha mgeni.

"Hivi ndivyo vinavyofungwa chini ya milango siku hizi," alisema. "Vinazuia mawe, na vinapendeza."

Wenceslaus alikuwa tayari amenyoosha bati na kuufungua ule mlango. Alikipokea chuma kimoja, akakigonga kwa ukucha, akakishikiza kwenye bati la ubavu kwa skrubu zake nne. "Haya, Ndugu Katibu. Panda."

Leodgar, ambaye hata miaka ya foleni za unga haikumpunguza, alipanda. Bati lililia, chuma kikainama, naye akashuka haraka akijifanya anatafuta kalamu.

"Hicho ni cha bwana harusi," alisema Wenceslaus. "Anapanda mara moja, anapigwa picha, basi."

Machage, aliyekuwa amesimama kando ya gari, hakucheka, ila moyoni alimshukuru Mungu kwa uzito wa Katibu. Aliingia nyuma ya karakana, akavuta bomba refu la mvuke lililotolewa kwenye kinu cha zamani cha pamba huko Bunda. Nje lilikuwa limeshika kutu. Lakini aliligonga kwa spana nalo likaitika kama kengele ya misa, na pale lilipokatwa ukuta wake ulionekana mnene, chuma kitupu.

"Hili," alisema. "Kipande kimoja kila upande."

"Machage, ndugu yangu, hiyo ni takataka," alisema Leodgar. "Na kama ni uzito, mbona kile chuma cha pembe pale ni kizuri, kimenyooka?"

"Cha pembe kinang'ang'aniaga jiwe, Ndugu Katibu. Ukikwama umekwama. La mviringo linateleza."

"Na lisifungwe kwenye bati," aliongeza Wenceslaus. "Bodi ya Landrova ni sufuria. Miguu ya bomba naichomelea kwenye chesisi, mifupa yenyewe ya gari. Halafu nalitokeza nje ya mlango vidole vinne, ili jiwe likutane na bomba kabla ya kukutana na mlango."

Kazi ilichukua siku mbili. Alipomaliza, Wenceslaus aliweka jeki chini ya bomba la kushoto akapandisha. Gari zima liliinuka upande huo, magurudumu yote mawili yakaning'inia hewani. Machage aliufungua mlango kwa kidole kimoja, akaufunga. Hakukuwa na mkwaruzo.

"Halipendezi," alisema Leodgar.

"Huko chini nani anaangaliaga?" aliuliza Machage.

"Mimi. Nitaangalia mimi. Na Jumanne, siku ya kliniki, nakuja nawe mpaka juu."

Jumamosi Machage alipata lifti hadi mwanzo wa njia ya Kirumabwe, akaipita yote kwa miguu. Alifanya hivyo kila baada ya mvua kubwa. Alisema jiwe usilolisalimia kwa miguu litakusalimia lenyewe. Sehemu ngumu ilikuwa moja. Majabali mawili makubwa kuliko nyumba yaliacha uwazi wa upana wa gari na kiganja, na katikati maji yalikuwa yamechimba shimo. Ndani ya shimo, upande wa kushoto, yalikaa mawe mawili bapa kama ngazi. Gurudumu likipanda hayo, gari lingekaa wima na kupita bila kugusa kitu.

Aliyapima kwa fimbo, akayapigapiga kwa kiganja, akakunja uso akihesabu. Kisha akapiga magoti hapo hapo akasali. Juu, kwenye shamba la mihogo, mama mmoja aitwaye Gati alisimama na jembe lake akimtazama kwa makini.

Jumanne Machage, Leodgar na Nesi Dafroza walifika chini ya kilima mapema. Machage alipunguza upepo matairi yote manne ili yashike mawe, akaingiza gia ya mzigo, akaweka vidole gumba juu ya usukani.

"Mbona hushiki vizuri?" aliuliza Leodgar, aliyekaa kushoto, mlango ule ule.

"Jiwe likipiga tairi, usukani unazunguka ghafla. Ukiwa umezungusha kidole ndani, unakiacha huko."

Leodgar alivitazama vidole vyake mwenyewe akavikunja.

Walipanda polepole, mwendo wa mzee anayetoka kanisani. Walipokaribia majabali wakasikia nyimbo. Kirumabwe nzima ilikuwa pale, na ndoo ya togwa imefunikwa kwa jani la mgomba. Gati alikuja mbele akipangusa mikono.

"Karibuni, baba! Jana tumefanya risaga. Kaya zote zimetoka kwa kazi ya pamoja, na majembe na mitaimbo. Tumekutolea yale mawe mawili."

Machage aliteremka. Pale ngazi yake ilipokuwa palikuwa na shimo, jeusi na bichi. "Mawe gani, mama?"

"Yale yaliyokukasirisha. Tulikuona Jumamosi unayapiga, umenuna, mpaka ukapiga magoti kuyaombea yaondoke. Tukasema, mtu wa watu huyu, asiteseke. Tumeyasukuma mpaka bondeni. Yamevunjika vipande!"

Watu wakapiga vigelegele. Nesi Dafroza alijifunika mdomo kwa khanga. Leodgar alitazama shimo, akatazama mlango wake.

"Turudi," alisema chini chini. "Tushukuru, turudi."

"Barafu ya kisanduku inanifikisha saa sita tu," alisema Dafroza.

Machage alitazama mikono ya Gati, malengelenge mapya juu ya ya zamani, na hakuwa na neno la kumlaumu. Akashuka shimoni. Gurudumu la kushoto likiingia humu, gari litalala kushoto na ubavu wake utaegemea kiuno cha jabali. Bila mabomba, huo ungekuwa mwisho wa mlango. Lakini kiuno cha jabali kilikuwa laini, kimesuguliwa na maji, na kilikuwa usawa wa bomba. Tena njia ilikata kushoto hapo hapo. Kama bomba lingeegemea vizuri, gari lingelizunguka jabali lenyewe, kama mlango kwenye bawaba.

Alivua kofia. "Baba," alisali, "nimepita kwa miguu, nimechagua chuma, nimepunguza upepo. Hayo yalikuwa yangu. Yaliyobaki ni yako. Amina."

"Amina," walisema wote, hata Leodgar.

"Anayenielekeza ni nesi peke yake," alisema Machage. "Wengine naomba kimya."

"Kulia! Kulia!" alipaza mzee mmoja.

"Hukusikia?" Gati alimgeukia. "Wewe hujawahi hata kuendesha baiskeli."

Dafroza alisimama mbele, mikono juu. Gari likaingia. Gurudumu la mbele lilizama, kilima kikainama, na jabali likajaza dirisha la Leodgar. Akafumba macho. Chuma kilikutana na jiwe kwa mlio mzito uliowapanda hadi menoni.

"Tumeumia!" alisema Leodgar.

"Tumeegemea," alisema Machage.

Hakukanyaga breki wala klachi. Aliiacha injini ivute yenyewe, taratibu, akakata usukani kushoto pale Dafroza alipokunja kiganja. Bomba lilianza kuteleza. Lilisaga, likanung'unika, na sehemu ya nyuma ya gari ikazunguka jabali kiganja kwa kiganja mpaka gurudumu la nyuma likapanda ukingo wa shimo. Gari likanyooka. Anga ikarudi dirishani.

Juu, chini ya mti wa kutundikia mizani ya watoto, Machage alizima injini. Watu wote walimtazama Leodgar. Naye alitazama kishikio cha mlango muda mrefu, kisha akakibonyeza kwa kidole kimoja.

Mlango ulifunguka.

Aliteremka, akachuchumaa na suruali yake ya kamati, akapitisha kiganja kwenye bomba. Kutu yote ilikuwa imetoka, limebaki kovu moja refu jeupe. Bati halikuwa na alama.

"Linang'aa," alisema. Kisha akamgeukia Dafroza, aliyekuwa tayari anafungua kisanduku. "Nesi, waambie akina mama mwezi ujao tarehe ile ile. Na mwezi unaofuata. Hilo nalisema mimi."

Mtoto wa kwanza alipigwa sindano akalia kwa nguvu zote. Gati alimletea Machage kibuyu cha togwa.

"Mama," alisema Machage baada ya kunywa, "risaga ijayo, naomba mnijazie lile shimo. Kwa mawe."

Gati alimtazama, akatazama bondeni, akatikisa kichwa polepole alipoelewa.

"Ulikuwa unayapenda," alisema. "Sasa si ungesema?"