Kwa Nini Mama Huyu Hasemi?

Mkutubi hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa mtu wa gundi, karatasi na kitambaa cha vumbi, na wazo la kuwapa wanafunzi ukurasa wa mtandaoni waandike watakacho lilimtia wasiwasi. Lakini maktaba ya shule ilikuwa imedoda. Wanafunzi waliingia mvua iliponyesha tu, ikikatika wakatoka. Basi alipiga moyo konde, akahudhuria mafunzo, akaufungua ukurasa. Kila kitabu kilichokuwa rafuni kilipata nafasi yake, na mwanafunzi, mwalimu au mzazi mwenye nenosiri aliweza kutoa maoni, kumjibu mwenzake, hata kurekebisha maelezo yaliyoandikwa na mwingine.

Mwanzoni ilikuwa vichekesho vitupu. "Kitabu kizuri sana." "Kizuri kweli." "Naunga mkono." Mmoja alilalamika kwamba kamusi haina mwisho wa kuridhisha. Kisha wakazoea, wakaanza kubishana kikweli, na waliobishana mtandaoni wakawa wanakuja mbio kutafuta ushahidi kwenye vitabu vyenyewe.

Asubuhi moja makamu wa mkuu wa shule aliingia maktaba bila salamu. Huyu Makamu alikuwa mume wa mdogo wake Mkutubi. Nyumbani alimwita Shemeji na kumtania atakavyo. Shuleni alimwita Mkutubi, kana kwamba walijuana siku ya usaili. Zamani alikuwa ameandika riwaya juu ya kijiji chao na mama yake mzazi, na kuichapisha mwenyewe. Nakala zake zilikaa rafu ya chini, na mtu wa mwisho kuazima moja alikuwa mwalimu aliyetaka kitu cha kuzuia dirisha lisigonge.

"Umeona nilivyoandikwa?" Makamu aliuliza, akaiweka simu yake mezani.

Mkutubi akavaa miwani. Mwandishi wa maoni alikuwa amejiita Kiroboto.

"Nimekisoma chote. Kijiji nimekiona kabisa machoni. Ila huyu mama simwelewi. Yumo tangu mwanzo mpaka anapofariki. Anapika, anafua, analia, lakini hatamki neno hata moja. Mwanawe anasema anampenda mno. Sasa mbona hampi nafasi aongee? Kwa nini mama huyu hasemi? Au mwandishi hakumjua?"

"Hapo mwisho," Makamu alisema, kidole juu ya kioo. "'Au mwandishi hakumjua.' Mtoto wa kidato cha pili ananiambia hivyo, na shule nzima inasoma!"

"Ameuliza tu, mwalimu."

"Futa." Halafu akashusha sauti. "Shemeji, tafadhali."

Neno hilo ndilo lililomlegeza. Hakuwahi kulisikia ndani ya chumba kile. Hakufuta, alibofya mahali pa kuficha, na maoni yakatoweka. Makamu akashukuru, akaondoka. Mkutubi akabaki akijifariji kwamba kuficha si kufuta, ila faraja yenyewe haikumwingia.

Baada ya chakula cha mchana Kiroboto mwenyewe akaja. Alikuwa msichana mdogo wa umbo, mikono ya sweta imemmeza vidole, na jina hilo alipewa na wenzake kwa jinsi alivyokuwa akirukaruka kwenye mijadala darasani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Maoni yangu yamepotea. Nimebofya vibaya?"

Ingekuwa rahisi kuisingizia mitambo. Lakini Mkutubi alisema, "Hukubofya vibaya. Nimeyaficha mimi."

Msichana akauliza, "Nilitukana?"

"Hapana."

"Basi naomba uniambie nilipokosea, nisirudie."

Hakusema kwa kejeli. Alitaka kujua kweli, na hapo ndipo Mkutubi alipoona haya. Huyu ndiye mtu pekee aliyekifungua kile kitabu akakifikisha mwisho, naye alikuwa amelipwa kwa kuzibwa mdomo. Akamgeuzia kioo cha kompyuta, akayarudisha maoni mbele ya macho yake.

"Hukukosea popote. Nimekosea mimi, na ninakuomba radhi."

"Haya, mwalimu," Kiroboto alisema, akaomba kitabu kingine kama vile hapakuwa na lolote.

Mkutubi hakungoja kuulizwa. Alikwenda mwenyewe ofisini kwa Makamu. "Nimeyarudisha. Ukitaka kunishtaki kwa Mkuu, nishtaki. Ila pale chini pana nafasi ya kujibu. Mjibu."

"Mimi nijibizane na mtoto?"

"Amekusoma mpaka ukurasa wa mwisho, shemeji. Nani mwingine amefanya hivyo?"

Makamu akageukia dirishani.

Jioni simu ikalia. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, umemfanya nini mume wangu? Anazunguka sebuleni utadhani katafuta funguo akakosa."

Mkutubi akamsimulia. Mdogo mtu alicheka mpaka akakohoa. "Hasemi? Mama mkwe wangu huyo? Dada, yule mama hakunyamaza hata usingizini! Alikuwa akigombana na sufuria!" Kicheko kikapungua, kikaisha. "Lakini ni kweli. Kitabu kile nilikichapa mimi, kwa vidole vyangu hivi, na sikuligundua hilo. Hebu nipe nenosiri. Si nina mtoto pale? Mimi ni mzazi."

Kulipokucha, chini ya maoni ya Kiroboto palikuwa na haya:

"Mimi ni mkamwana wa mama huyo. Siku niliyopelekwa kwake alinitazama juu mpaka chini, akasema, 'Mwembamba hivi, upepo ukija tumfunge kamba?' Sufuria ikichelewa kuchemka aliigombeza. Mwanawe akirudi kutoka chuo alimmwagia maswali, na jibu hakulingoja. Kwa hiyo na mimi nauliza: kwa nini hasemi?"

Wanafunzi walijazana kwenye kompyuta. Alisema nini kingine? Aliwahi kukutukana? Mwanawe alimjibuje? Mkamwana alijibu kila swali, na pengine alitia chumvi kidogo. Makamu alipita nje ya mlango mara kwa mara, shingo imenyooka, asiingie. Mkuu wa shule alipouliza kuna nini maktaba, Makamu alijibu, "Wanajadili fasihi tu," akaishia hapo. Mkutubi aliposikia hivyo, akajua hakushtakiwa.

Mwisho wa wiki, wanafunzi walipokuwa uwanjani, Makamu aliingia. Akakaa kwenye kiti kifupi cha wanafunzi, magoti yamekaribia kidevu, akaandika kwa kudonoadonoa. Mkutubi alijifanya anabandika jalada. Makamu alipotoka, yeye akausoma ujumbe.

"Kiroboto, mwandishi ni mimi. Mama yangu nilimjua. Kila nilipompa maneno, yalitoka maneno yangu mimi, ya mwalimu ubaoni. Na yake yenyewe, ya kukatiza, ya utani, ya kugombeza vyombo, niliogopa wasomaji mtamcheka. Nikaona kimya ndicho heshima. Sasa naona mmemcheka wiki nzima, na hakuna aliyemdharau. Nimeiandika upya sura ya kwanza na kuiweka hapa. Rekebisheni."

Jibu la Kiroboto lilifika kabla kengele haijalia. "Asante sana, mwalimu. Sasa anaongea. Ila mstari wa tatu bado anaongea kama wewe."

Makamu akaubadilisha mstari wa tatu. Mkewe akaubadilisha tena. Kuanzia hapo sura zilifuatana, na nakala za rafu ya chini zikawa haziishi kuazimwa, kwani kila mmoja alitaka kulinganisha cha zamani na kipya.

Sura ya mwisho ndiyo iliyowashinda. Makamu alitaka mama afe kwa utulivu. Mkewe aliandika kwamba, kabla ya kufumba macho, mama alimwambia daktari shati lake halijapigwa pasi. Makamu aliufuta mstari huo, mkewe akaurudisha. Akaufuta tena, ukarudi tena. Wanafunzi wakagawanyika makundi mawili, kila kundi na hoja zake, na Mkutubi alipoulizwa yuko upande gani alisema atasoma kwanza.

Mpaka shule inafungwa, mstari ule ulikuwa ungali pale.