Kisiwa Kilichovutwa kwa Gia ya Mbele

Kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri, Nahodha Easa wa kisiwa cha Rihifaru, huko Maldivi, alishuka gatini na kikombe cha chai ya rangi mkononi. Alifungua vifuniko vya mashine mbili za boti yake, akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa, akakirudisha, akakisoma. Aliminya pampu ya petroli mpaka ikawa ngumu. Aliwasha mashine ya kushoto, kisha ya kulia, akainama kutazama kama zinakojoa. Maji ya kupooza yakichuruzika kwa nguvu, moyo wake ulitulia. Halafu, kamba zote nne zikiwa bado zimefungwa gatini, alijaribu gia: mbele akihesabu hadi mia mbili, nyuma akihesabu hadi kumi. Ndivyo alivyofundishwa na mjomba wake, na mjomba hakuwa mtu wa kuulizwa sababu.

Safari ya kwenda Velimaa, kwenye hospitali, ilichukua saa mbili na nusu. Mkewe, Zaleekha, alipelekwa huko mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimegoma na zahanati ya Rihifaru ilikuwa na panadoli na kalenda tu. Upepo ukichafuka boti haikutoka, na Zaleekha alivimba miguu mpaka ndala zikamkataa. Easa aliuogopa upepo kuliko kitu chochote duniani, wala hakuona haya kusema.

Mwaka uliofuata safari ilichukua saa mbili. Easa akadhani ni rafadha mpya. Safari ilipopungua hadi mwendo wa saa moja, mkuu wa kisiwa, Ramzee, alikuja gatini na kanzu yake ya ofisini.

"Easa, hivi unajua unatuvuta?"

"Namvuta nani, mkuu?"

"Kisiwa. Nimepima. Kila asubuhi tunasogea kama urefu wa uwanja wa mpira. Mimi sina neno. Ila gia ya mbele itie taratibu, bwana. Mama Faathun amemwagikiwa na mchuzi wa samaki mara mbili wiki hii."

"Nitaitia taratibu."

"Na kamba zikague. Ikikatika moja tutaanza kwenda upande."

Easa alinunua kamba mpya. Wavuvi walinung'unika kwamba miamba yao ya jodari imeachwa nyuma, na vijana walifurahi kwamba simu zimeanza kushika mtandao. Moosa, ambaye tangu astaafu kazi yake ilikuwa kukaa kwenye viti vya kamba pale bandarini na kutafuna popoo, alimpigia kelele kila siku: "Wenzako huwapeleka wake zao hospitali! Wewe wako unampeleka na minazi na msikiti!"

"Na wewe pia nakupeleka, tena bure," Easa alimjibu.

Zaleekha alikuwa akimsikiliza akihesabu. Asubuhi moja alimwambia kutoka benchi la nyuma, "Ongeza kidogo, baba watoto. Hesabu hadi mia tatu." Easa alihesabu hadi mia nne.

Jumanne moja, saa mbili asubuhi, Rihifaru iliigusa Velimaa kwa mshindo mdogo, kama mtu anayekaa kwenye kiti alichokizoea. Wanaume walitandika ubao. Zaleekha alivuka kwa miguu yake, hatua ishirini na moja kutoka barazani kwake hadi mlango wa hospitali, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Easa alilia bila kucheka.

Karani wa mapokezi, Shifna, alimkaribisha kwa furaha. "Dada Zaleekha! Leo mmewahi. Mmekuja na boti gani?"

"Nimekuja kwa miguu."

Shifna aliweka kalamu chini. "Hapo sasa kuna shida kidogo."

Kiti cha kusafishia damu, alieleza, ni cha wagonjwa wa visiwa vya mbali. Fomu inataka jina la chombo, saa ya kutoka na mahali kilipotokea. Wanaokuja kwa miguu wana orodha yao, na aliye juu kabisa kwenye orodha hiyo anangoja tangu mwaka juzi.

"Lakini mimi si yuleyule?"

"Ni wewe, dada. Hata mishipa yako naijua. Ila fomu inamtaka mtu wa mbali."

"Rihifaru ile pale," Easa alisema. "Chungulia."

"Naiona, kaka. Kwenye daftari iko kulekule."

Easa aliwaandikia wakubwa. Walimjibu kwa adabu sana: mgonjwa wa Rihifaru atahudumiwa bila kizuizi, mradi atokee pale Rihifaru iliposajiliwa. Kukirudisha kisiwa hakukuwezekana, maana gia ya nyuma haina nguvu hiyo, na watu walikuwa wameshaanza kununua mikate ya Velimaa.

Basi siku za matibabu Easa alipasha mashine moto kabla ya swala, akafungua kamba, akamchukua mkewe mwendo wa saa mbili na nusu hadi kwenye maji matupu, pale Rihifaru ilipokuwa zamani. Hapo Zaleekha alipiga picha namba za mahali kwenye simu, wakala chapati na mas huni, samaki wao wa kuchanganya na nazi na pilipili, kisha wakageuza. Fomu ilijazwa bila tatizo.

Juni upepo wa magharibi ulichafuka siku tano mfululizo. Siku ya tano Zaleekha alikaa barazani, miguu ameinyanyua juu ya ndoo, akikitazama kile kiti kupitia dirisha la hospitali. Kilikuwa kitupu, kimetandikwa shuka safi. Shifna alikuja kufungua pazia, akamwona.

"Dada, umeamkaje?"

"Nimeamka."

"Leo hamtoki?"

"Upepo."

Shifna alisikitika kwa dhati. Alingoja mpaka saa sita kamili mchana, kama utaratibu unavyotaka, kisha akafungua daftari na kuandika kwamba mgonjwa hakufika.